Kuta Zilizopanga Foleni

Mji wa Shamsuri, enzi za kuta nyeupe kuliko mbalamwezi, ulitawaliwa na Sultani Harithi bin Tamimu, na asiyesadiki akaulize kwingine, atarudi papa hapa. Huko kila mzee aliyelitumikia jumba alipokea posho yake mwezi ulipoandama, mkononi mwa karani, barazani, na kahawa juu yake. Kisha Waziri Badiri, mtu asiyewahi kubeba hata ndoo, akamleta jini aliyefungwa ndani ya sinia la shaba, akatangaza:

"Tangu leo mzee ataweka kiganja hapa. Jini akiitambua mistari yake, atalipwa. Asipoitambua, mzee huyo hayupo."

Bi Mwanatumu, aliyebakiza nyumbani konzi moja ya mtama, akasimama juani tangu alfajiri, na alipozidiwa, Mzee Fumo, mchukuzi wa zamani, akamshikia nafasi. Zamu yake ikafika. Jini akakilamba kiganja, akatema.

"Laini kama yai. Hayupo."

"Sipo? Na jasho hili la nani?" Bi Mwanatumu akafoka. "Ujana wangu wote nimepaka chokaa kuta za jumba hili, chokaa ikanila mistari, leo waniambia sipo, ewe shetani wa sahani!"

"Jini, bibi," jini akasema kwa uchungu.

Waziri akacheka akipepewa. "Jini, mletee ajuza huyu mistari yake popote ilipo, atuondokee!"

Na jini aliyefungwa hajui mzaha.

"Iko wapi, bibi?"

"Kwenye kuta za Sultani!"

Jini akavuma, na kuta zikang'oka, za sebule na za ghala na za hamamu, zikaja zikiruka, zikapanga foleni nyuma ya Bi Mwanatumu kwa adabu kamili; na Sultani akaonekana na mji mzima, povu la sabuni mpaka masikioni.

"Nani kachukua nyumba yangu?"

"Muulize Waziri wako, maulana," akajibu Bi Mwanatumu. "Mimi sipo."

Sultani akahukumu kwa hasira na taulo: posho irudi mkononi, na asiyeweza kutembea apelekewe mlangoni kwa punda wa kifalme. Bi Mwanatumu akapewa kasha la yakuti, akaolewa na Mzee Fumo kwa ngoma za siku saba. Kuta zikarejeshwa zimechubuka, na Waziri akapewa ndoo ya chokaa, azirudishie kuta weupe wake kwa mikono yake.

Sinia likahifadhiwa kwa ajili yake peke yake. Alipozeeka akaja kudai posho, akaweka kiganja. Jini akalamba, akatema.

Mkono uliokujengea nyumba usiuulize jina mlangoni.