Mize Kati ya Mama Wawili

Mzazi hutembezwa, hatwikwi. Mmeisikia leo asubuhi, kaka yenu Shaame alipotaka kubeba matofali na mshono wa ngiri haujakauka, mkacheka kwamba mwanamume mwenye ndevu kafananishwa na mwanamke aliyetoka kujifungua. Chekeni. Lakini mmeniuliza ilikotoka, na methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Pemba, kwa mwanamke aliyechoshwa na mama wawili.

Mwanamke huyo aliitwa Mize, mke wa Kombo. Alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, katikati ya msimu wa karafuu, wakati ambao hata kikongwe huitwa shambani. Mama yake, Bi Shumbana, alikuja kumlea. Mama wa mumewe, Bi Raya, alikuwa akiishi pale pale nyumbani. Tangu siku hiyo Mize hakupata tena kumaliza neno lake.

Bi Shumbana alimfunga mkaja tumboni, akamkanda kwa maji ya moto, akamlaza na kumwambia asinyanyuke. Uji wa pilipili manga aliletewa kitandani. Mtoto aliletewa kitandani. Mize akiomba kwenda japo mlangoni kuona jua, mama yake hushika kichwa.

"Mwili wako uko wazi, mwanangu! Upepo ukiingia, utautoa wewe?"

Nje, Bi Raya alichambua karafuu huku akisema kwa sauti ya kusikika chumbani: "Mimi Kombo nilimzaa Ijumaa, Jumapili niko juu ya mkarafuu. Hawa wa siku hizi wana miili ya mayai."

"Mkarafuu upi huo?" Bi Shumbana akajibu dirishani. "Kombo ulimzaa masika, hakuna karafuu hata ya dawa!"

Mize aliwasikia wote wawili, akauma pindo la kanga. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba kwa kulala. Haja kubwa ilikuwa adhabu. Akisimama kwenda msalani, kizunguzungu kinamshika, na mama yake anasema, "Waona? Hujapona," kisha anamlaza tena. Mize alijua kuwa kulala kwenyewe ndiko kunakomtia kizunguzungu, lakini kumweleza hayo Bi Shumbana ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Ikatokea msiba kijiji cha jirani, Bi Shumbana akaenda mazikoni. Hajafika hata njia panda, Bi Raya akaingia chumbani.

"Njoo nje mwanangu, ukae kivulini. Utachambua karafuu kidogo tu, basi."

Mize alitoka kwa furaha. Alitembea polepole hadi kwenye majamvi, akaketi, akachambua huku amempakata mtoto. Jua lilimpata miguuni. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, alijisikia mtu. Laiti mambo yangeishia hapo! Ghafla wingu likafunga. Karafuu zilizoanikwa kando zilikuwa zimekauka vizuri, na zikinyeshewa ni hasara tupu. Kombo yuko shambani. Bi Raya akaanza kuzijaza kwenye magunia huku akihema.

"Mize! Mlaze mtoto ndani, uje nikutwike hili gunia!"

"Mama, mimi bado..."

"Bado nini? Si umetembea mwenyewe mpaka hapa?"

Mize akatwikwa. Gunia la kwanza akalifikisha. La pili lilipomkaa kichwani alihisi kitu kikivutika chini ya kitovu, na kabla hajagusa kizingiti damu ikamtiririka hadi kwenye vifundo vya miguu. Gunia likaanguka, karafuu zikamwagika mchangani. Bi Raya alipoiona ile damu, karafuu hazikuwa kitu tena. Alipiga mayowe mpaka Kombo akasikia huko shambani.

Walimpeleka zahanati kwa gari la ng'ombe, yeye na mtoto, mvua ikiwanyeshea. Alichomwa sindano, akatundikiwa maji, na damu ikapungua. Alipopata nguvu ya kusema, Mize alimuuliza muuguzi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu: "Nikirudi nyumbani nifanye nini?"

"Tembea kidogo kila siku, uongeze kadiri mwili unavyokubali," muuguzi alisema. "Kwa sasa usinyanyue kitu kizito kumshinda mtoto wako. Ukiona damu imeongezeka baada ya kazi, umepitiliza, pumzika. Ikimiminika kama leo, usingoje, njoo."

Hajatoka muuguzi, Bi Shumbana akafika kutoka mazikoni, na ugomvi ukaanza juu ya kitanda.

"Umetaka kuniulia mwanangu!"

"Na wewe uliyemlaza hata nguvu zikamwisha?"

"Nyamazeni!"

Alikuwa Mize, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mtoto alishtuka akalia.

"Mama, wewe umenilaza kama maiti. Na wewe mama, umenitwika kama punda. Mwenye mwili niko hapa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza! Kuanzia leo nitembezeni, msinitwike. Asiyeweza, asiniguse."

Bi Raya alijifuta macho kwa pindo la mtandio.

"Nilikuona unatembea, nikadhani umepona," alisema.

"Na mimi nilidhani kutembea ndiko kutakakokuua," akasema Bi Shumbana, akamchukua mtoto ili apate pa kutazama.

Basi kila alasiri majirani wakawaona uani, bibi mmoja amemshika Mize kiwiko hiki, mwingine kile. "Taratibu!" anasema mmoja. "Taratibu gani, konokono anatupita!" anasema mwingine. Mize katikati yao anahema kwa kuchoka, si kwa mwendo, kwa maneno yao. Lakini akikisogelea tu kidumu cha maji, wote wawili wanakirukia. Watu wakawa wakipita wanawatania: mzazi hutembezwa, hatwikwi! Utani ukazoeleka, ukawa neno la watu wazima. Miguu ya Mize ikarudi, na msimu uliofuata alipanda juu ya mkarafuu mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Kwa hiyo mtu akinyanyuka kitandani, awe amezaa, amevunjika mguu au amefiwa, mkamwona anatembea, msimkimbilie na mzigo. Wala msimfungie ndani mkidhani mnamhurumia. Mzazi hutembezwa, hatwikwi.