Kitanzi cha Lukelo

Mpini hufuata kiganja kilichopo. Maneno haya yalitoka kwenye kilima chenye ukungu kule nyanda za juu, na mwenye mpini huo wapo waliomjua kwa jina.

Jioni moja shangazi Ezelina aliulizwa habari zake na binti za kaka yake, wakipukuchua mahindi jikoni. Mmoja wao alikuwa amekataa kulima shamba la bondeni mpaka kaka yao arudi kutoka mjini, na bibi mmoja njiani akamtupia methali hiyo, akapita zake. Msichana hakujua kama ametukanwa au ameshauriwa.

"Hujatukanwa," shangazi alisema. "Lakini sikilizeni kwanza anavyodai Mama Tulizo, maana ukiuliza watu ndiyo habari utakayopewa."

Mama Tulizo alikuwa jirani wa Sigwava, mwenye methali hiyo. Alidai kwamba asubuhi moja Sigwava aliuchomoa mpini wa mumewe kwenye kishoka, akautia motoni na kuivishia maharage, huku akicheka peke yake kama aliyerogwa. Moto ulikuwepo, ni kweli. Maharage nayo yaliiva. Kicheko alikitia Mama Tulizo mwenyewe, kwa kuwa hadithi isiyo na chumvi haikumpita kooni.

Mambo yalikuwa hivi.

Sigwava aliolewa na Lukelo, mpasua mbao, mtu mkubwa mwenye mikono mipana kama majani ya mgomba. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka ambao mahindi yaliungua kwa baridi, Lukelo alikwenda mbali kutafuta kazi ya msumeno, akisema atarudi kabla ya kipupwe.

Kwao mwanamume akienda mbali hivyo, huacha kitanzi. Lukelo alikunja mkono kama anayeshika mpini, na Sigwava akauzungusha uzi wa gome la mti ndani ya ngumi ile na kufunga fundo. Kitanzi kikatundikwa jikoni kwenye msumari. Zana ya nyumba ikivunjika, mpya huchongwa kwa unene wa kitanzi, ili mwenyewe akirudi asikute nyumba imemsahau.

Kipupwe kikaja, kikapita. Mwanzoni watu walileta salamu, baadaye wakaleta habari za kusikia, mwishowe wakawa wanabadili njia wasikutane na macho yake. Sigwava alikuwa akipika chakula cha watu wawili na kula cha mmoja. Kilichobaki alikila asubuhi, kimepoa.

Kipupwe kingine kilipokaribia, mpini wa kishoka ulipasuka kwenye jicho la chuma, pale unapoingilia. Sigwava akateremsha gogo jembamba lililokaushwa kwa moshi juu ya uchaga, akachukua kisu cha Mfini, akatoka nje.

Kisu hicho alikirithi kwa marehemu baba yake, aliyewahi kufanya kazi na Mfini mmoja, Mzungu kutoka nchi za theluji, kwenye karakana ya misheni. Kilikuwa kifupi, mgongo umenyooka, mpini wake wa mti mweupe wa huko kwao Mfini, tena hakikuwa na kizuizi cha kidole, kwa hiyo mwenye haraka kilimkata. Ala yake ya ngozi ilikimeza hadi karibu na ncha ya mpini. Mfini yule, hata kwenye baridi la kuuma masikio, alichongea nje tu. Baba akamfundisha bintiye vivyo hivyo: "Ndani, jicho hudanganywa na kivuli. Nje, kila nundu hujisema."

Basi Sigwava akakaa juu ya kisiki mbele ya mlango, akachonga. Kila mara aliuvisha mpini kitanzi. Kilipopita kwa kubana, akaacha, akaupachika kwenye kishoka na kuugongea kabari. Ulikuwa mpini mzuri, ila vidole vyake vilipouzunguka, havikukutana na dole gumba. Vilibaki hewani.

Hivyo ndivyo alivyopasua kuni siku zilizofuata. Kishoka kilimgeukia mkononi na malengelenge yakatumbuka. Akaanza kuwasha moto mara moja tu kwa siku, tena mdogo, na usiku akalala na khanga zake zote mwilini.

Siku kishoka kilipomponyoka kabisa, kikaruka na kukita kwenye fremu ya mlango, Mama Tulizo ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani.

"Kamwene, Sigwava! Ndiyo hodi za siku hizi? Wageni wanakaribishwa kwa shoka?"

"Kamwene, mama. Limeniponyoka."

"Nimeliona. Lingepita hapa kidogo, mngekula ubwabwa wa matanga yangu." Mama Tulizo akakichomoa kishoka mlangoni, akakipima uzito. "Toka juzi sioni moshi kwako. Nikasema mtoto wa watu amekufa, ngoja nikaone. Lete mkono."

Sigwava akauficha nyuma.

"Lete, nimesema. Mimi ni mama yako au si mama yako?"

Akautoa. Mama Tulizo akautazama, akaguna.

"Mpini huu wa nani?"

"Wa Lukelo."

"Na Lukelo leo anapasua kuni za nani?"

Sigwava akaurudisha mkono nyuma.

"Una kisu cha baba yako kile kikali. Upunguze."

"Mama, mti ukishatoka haurudi. Akija akaukuta mwembamba, atajua nilimzika akiwa hai."

"Asipokuja, baridi litakuzika wewe ukiwa hai. Hata akija baadaye, nani atamwambia kaburi ni la nani?" Akaweka kishoka chini. "Nakwenda kumpa nguruwe pumba. Yeye hana subira kama yako."

Sigwava alikaa kwenye kisiki. Ukungu ulikuwa umefunika miti ya bondeni, na hakuna mtu aliyepita. Alichomoa kisu, akakirudisha kwenye ala, akakichomoa tena. Kisha akauchomoa mpini kwenye kishoka, akauegemeza kifuani, akauvuta ukali wa kisu taratibu kuuelekea mwili wake, dole gumba likizuia mwisho wa mti kama alivyofundishwa.

Maranda yalianguka miguuni, meupe, yamejikunja. Baada ya machache alivisha kitanzi. Kikapita bila kubana. Akaendelea. Akavisha tena, kikacheza. Alipokivisha mara nyingine, kikateleza mpaka chini kikaanguka juu ya maranda, na hapo aliketi kitambo bila kuchonga, mikono imelala mapajani. Kisha akakiokota, akakitundika mahali pake jikoni, akarudi kumaliza.

Jua lilipofifia, vidole vyake viligusa chini ya dole gumba. Akaupachika tena, akapasua kuni hadi zikajaa ukutani. Moto aliuwashia maranda yale, akainjika maharage, kiasi cha mtu mmoja.

"Kwa hiyo mpini haukuchomwa," shangazi alisema. "Kilichochomwa ni sehemu ya Lukelo."

Lukelo alirudi. Miaka ilikuwa imekwenda. Alikuja mchana, amekonda, na mashavu yamembonyea. Sigwava alimpa maji ya kunawa, akampa kiti, akampa chakula chake mwenyewe. Hakumuuliza alikokuwa. Alipokwisha kula, Lukelo aliona aibu kukaa bure, akatoka na kishoka. Kikazunguka mkononi mwake kama samaki.

"Mpini gani huu? Wa mtoto?"

"Wangu."

"Na ule wangu?"

"Ndiyo huo huo. Mpini hufuata kiganja kilichopo, baba."

Neno hilo hakulisema kwa ukali. Mama Tulizo, aliyekuwa upande wa pili wa ua akijifanya anatafuta kuku, ndiye aliyelisikia, na kesho yake lilikuwa limefika kisimani.

Lukelo aliugeuza mpini mara nyingi. Halafu akaingia jikoni, akakitoa kitanzi msumarini. Kilikuwa kimekauka na kuwa cheusi kwa moshi, lakini fundo lilishika. Alikuja nacho hadi mbele ya kisiki alipokaa mkewe, akamnyooshea.

"Nichongee na wangu, Sigwava."

Kisu cha Mfini kilikuwa mapajani mwake, ndani ya ala. Sigwava akakitazama kitanzi, akautazama mkono uliokishika. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Lukelo aliendelea kusimama, mkono ameunyoosha.