Pimbi na Mafuta ya Mwambani

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa kwa wadogo, sogeeni karibu. Zamani sana, wanyama wakisemezana kama sisi, palikuwa na mwamba wenye ufa. Ufani mafuta yalidondoka, ti, ti, ti, yakajaa shimo. Kila kiangazi wanyama waliyapaka nyayo zao zisipasuke.

Kiangazi kimoja shimo likapungua. Pimbi alikuwa na mtoto mmoja tu, nyayo zimepasuka, hawezi kupanda jiwe. Na pimbi asiyeweza kupanda jiwe, tai hamwachi. Mama akaingiwa na hofu.

Mfalme Simba akatoa amri: kila mnyama kibuyu kimoja, bure. Kumbe hakusema kibuyu cha ukubwa gani! Tembo akaja na kibuyu kama nyumba. Chubwi! Zamu ya Pimbi ilipofika, shimoni yamebaki matope.

Nguchiro mfanyabiashara akacheka. Akasema mfalme akae kando, mwenye shida anunue kwake. Simba kachoka, akakubali. Mafuta yalipochungulia tena, bei ikapanda asubuhi, ikapanda adhuhuri. Nani alinunua? Tembo yule yule, kwa mikungu ya ndizi.

Pimbi akajiuliza, hivi haya mafuta yanakuja kwa kasi gani? Ajabu, hakuna aliyewahi kuuliza. Akajipenyeza ufani, akakaa kutwa akihesabu. Ti. Kimya. Ti. Kimya. Matone ya kutwa hayakujaza hata kifuu. Matatu aliyakinga, akampaka mwanawe. Kisha akaenda barazani akasema yote, na hayo matatu pia.

"Umeiba," akasema Nguchiro.

"Nimeiba," akasema Pimbi. "Lakini mnagombania kugawa, na hamjui mnagawa nini. Mafuta yanakwisha."

Simba akaamua kwamba matone ya kila siku ni ya watoto na wagonjwa, hayauzwi. Wakubwa watafute mafuta mengine, na atakayeyapata auze kwa bei aipendayo.

Tembo kusikia hapati tone, akaanza kukanyaga kila mbegu njiani, aone ipi ina mafuta. Pwa! Pwa! Alipokanyaga mbegu za mbarika, unyayo ukateleza kwa mafuta. Nguchiro huyo, mbio, kuokota mbegu.

Na mtoto wa Pimbi? Alipakwa siku saba. Siku ya nane tai akashuka, vuuu! Mtoto akapanda jiwe, tai akaambulia vumbi.

Funzo ni hili: sheria imlinde mnyonge, soko litafute njia mpya, lakini kwanza pimeni kilichobaki.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeiona fupi, na airefushe mwenyewe.