Huzuni ya Perege

Jamani, mpo?

—Tupo, ila tumechoka.

Hata mimi nimechoka. Niseme au ninyamaze?

—Sema, tutasikia tumekaa.

Basi, sebuleni kwa Bi Mwanahawa palikuwa na tangi la kioo la samaki. Humo aliishi Perege, mkubwa, mwenye tumbo. Chakula kikimwagwa, cha, cha, cha, Perege alikula, wengine walitazama. Chungu cha kujificha kilikuwa kimoja tu. Perege alilala ndani, wengine walilala nje.

Wakachoka. Tunu, samaki mdogo kuliko wote, akapauka, akajibanza pembeni, siku tatu bila kula.

Bi Mwanahawa akainama kiooni. "Mbona mna huzuni, wanangu? Nimewakosea nini?"

Akaongeza chakula. Cha, cha, cha. Perege alikula, wengine walitazama.

Uduvi, kidudu cha maji kisichozidi ukucha, akamwangalia Tunu, kisha akajikokota hadi chunguni.

"Shikamoo, Mzee Perege."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu, mzee, nimechoka. Nimesikia tu kwamba mwenye huzuni kuliko wote atapewa vibuu vya mbu, peke yake, mpaka ashibe."

Perege akameza mate. "Na huzuni inafanywaje?"

"Lala ubavu. Usile. Ukitazamwa, pumua kwa shida."

Perege akalala ubavu. Cha, cha, cha. Perege alitazama, wengine walikula. Tunu tu ndiye aliyebaki pembeni, akimwogopa.

Siku ya pili tumbo la Perege likanguruma, ngurrr.

"Bado?" akauliza.

"Bado, mzee. Huzuni yako haijaiva."

Siku ya tatu Bi Mwanahawa akamwita kaka yake, Shekue.

"Huyu anateseka, kaka. Tangi limembana."

"Tumtie kwenye pipa la mvua uani," akasema Shekue. "Kule kuna nafasi, na vibuu tele."

Wakamchota kwa bakuli. Chubwi, pipani. Vibuu alivipata, kweli. Kila alichotaka kilikuwepo, isipokuwa mwenzake wa kunyang'anywa.

Sebuleni, Tunu akala punje moja. Akangoja. Akala ya pili. Akaingia chunguni, akalala mchana kutwa. Uduvi akakaa mlangoni. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kufurahi.

Ngano yangu imekaa kitako, haiinuki tena. Funzo lake ni hili: mkubwa akisema ana huzuni, msadikini upesi, mpeni kila kitu, na wadogo wasubiri.

—Ndivyo?

Ndivyo nilivyofundishwa. Nendeni mkapumzike.