Fizi za Mzee Fisi na Ute wa Mshubiri

Sogeeni, wanangu, na wewe acha kula ukucha. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na milango kama sisi, Fisi aliamka fizi zimemvimba. Akipiga mswaki, damu. Akitafuna mfupa, "Uwiii!"

Akawaza, nyama gani haihitaji kutafunwa? Watoto wa pimbi! Laini wale, humezwa tu. Mbio hadi kwenye majabali, akajibwaga mlangoni pa pango la Bi Pimbi.

"Hodi! Nipe watoto wako, wote watatu. Ukikataa, nakaa hapa mpaka kiu iwatoe."

Bi Pimbi akagonga mtungi wa maji, du! du! du! Mtungi ulikuwa mkavu tangu jana. Lakini akachungulia mdomo wa Fisi, akasema, "Pole, mzee wangu! Fizi hizo! Ngoja nikupake dawa, ule kwa raha."

Akavunja jani la mshubiri ulioota kizingitini, akalipasua, chwaa! Ute ukatoka mzito, unateleza. Akampaka juu na chini.

"Aaah, baridi! Lo, chungu! Na masharti yake?"

"Haina masharti, mzee."

"Nini? Dawa gani isiyo na masharti? Mimi si mshamba, bibi! Babu yangu alitibiwa kidole tu, akakatazwa samaki mwezi mzima!"

Bi Pimbi akajizuia kucheka. "Kumbe unajua mambo! Haya, sharti ni moja. Usifungue mdomo mpaka kivuli cha jabali hili kifike mtoni. Ukifungua, meno yote chini, pukupuku!"

Pwa! Fisi akafunga mdomo.

"Wanangu, tokeni mumwamkie mzee."

"Shikamoo, mzee!"

"Mmm!"

"Shikamoo, mzee!"

"Mmmm!"

Kitindamimba hakuamkia. Alimkanyaga mkia makusudi, mtundu yule! Macho yakamtoka Fisi, mate yakamchuruzika, lakini kufungua mdomo, wapi! Bi Pimbi na wanawe wakampita hivyo hivyo, wakateremka mtoni, wakavuka.

Kivuli kilipogusa maji, akaachama. "Bi Pimbi! Umenidanganya!"

Sauti ikatoka jabali la ng'ambo, "Fizi zinauma?"

Fisi akazibonyeza kwa ulimi. "Ha... hapana."

"Basi dawa ni ya kweli. Sharti uliliomba mwenyewe!"

Nami nafunga mdomo hapa, ila mlishike hili: anayetii sharti bila kuuliza sababu yake hujinyima mwenyewe.