Nakala ya Kwanza ya Eliwaza

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, mahakama zilipokuwa bado zinachapa hukumu kwa mashine za kugonga kwa vidole, palikuwa na mwanamke katika mji mdogo chini ya milima ya Upare. Jina lake Eliwaza. Kaeni vizuri, wenzangu, maana nikifika mwisho nitawauliza neno, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Eliwaza alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Kwa miaka thelathini na mmoja mashahidi walisema, hakimu akaandika, yeye akachapa. Alichapa maneno ya wezi wa kuku na maneno ya waliosingiziwa kuku. Alichapa ndugu waliogombea mpaka wa shamba, na wazee walioapa kwa Mungu huku wanadanganya. Kwa kuchapa tu akajua kwamba mwongo hutaja saa na dakika, na mkweli husema jua lilikuwa kama hapo.

Alipotimiza miaka sitini akastaafu. Mumewe, Mzee Mrutu, alikwisha kufariki, na nyumbani alibaki na binti yake Namsifu, mwalimu wa sekondari. Watu wakamwambia sasa apumzike. Amwagilie mchicha, asubiri wajukuu. Naye akamwagilia mchicha miaka mitatu mizima.

Mwaka wa nne, asubuhi moja, akaenda dukani akanunua kaunta buku tatu. Akarudi, akaketi kwenye meza ya kulia chakula, akaanza kuandika riwaya ya upelelezi.

Haikuwa na bastola wala maiti. Katika riwaya hiyo sufuria kubwa la harusi linapotea siku moja kabla ya harusi, na mji mzima unaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Anayemtafuta mwizi ni bibi wa makamo ya Eliwaza mwenyewe, fundi cherehani aitwaye Mama Singa, ambaye akitazama tu pindo la gauni lako hujua umepita wapi. Mwishoni mwizi anaona haya, sufuria linarudi, watu wanakula.

Habari ikaenea mjini. Wakasema mama wa miaka sitini na tatu anaandika habari za wezi, kulikoni. Wakasema amechanganyikiwa na upweke. Wakasema anatuandika sisi. Akipita sokoni, mazungumzo yanakatika. Eliwaza akasikia yote, akainama, akaandika.

Sasa sikilizeni habari ya Damari.

Damari alikuwa dada wa marehemu Mzee Mrutu, kwa hiyo ni wifi yake Eliwaza. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, na neno lake likitoka huwa limetoka. Kila asubuhi alikuja kuchambua maharage barazani kwa Eliwaza, na Eliwaza akamsomea kurasa za jana. Mahali palipomchosha, Damari alianza kuzungumzia mbuzi wake. Eliwaza akaelewa, akazikata kurasa zile.

Siku moja wanawake wa umoja ule wakamwita Eliwaza ukumbini kwao. Yeye alikuwa katibu wao. Wakamwambia achague moja, ukatibu au vitabu vyake vya kusengenya. Eliwaza akasimama, akaweka daftari la mikutano mezani mbele yao.

"Katibu mtapata mwingine," akawaambia. "Mimi nimechelewa vya kutosha. Sichelewi tena."

Akatoka. Damari akawatazama wale wanawake aliowaozea mabinti na kuwazikia wazazi, kisha naye akainuka kwenye kiti chake, akamfuata wifi yake nje. Hakurudishiwa kiti kile. Na wengi wa wale wanawake hawakumsalimu tena mpaka leo.

Ya pili ni habari ya Sajini Mhando.

Mhando alikuwa polisi mstaafu aliyelima nyanya nyuma ya nyumba yake. Eliwaza alimwendea kwa sababu riwaya ilikwama. Alijua jinsi watu wanavyosema uongo, lakini hakujua mpelelezi anaanzia wapi. Mhando akamwambia mwizi hakamatwi kwa mbio, hukamatwa kwa swali moja kuulizwa mara tatu kwa siku tatu. Akamfundisha mengi ya namna hiyo, wamesimama katikati ya matuta ya nyanya. Lakini riwaya ikakwama tena, kwa sababu lile sufuria lilipotea bila kumuumiza mtu yeyote.

Mhando akaweka jembe lake chini. Kisha akamweleza jambo ambalo hata mkewe hakulijua. Akiwa kijana kazini, sufuria la harusi lilipotea kweli katika mji huu. Alimkamata mpishi wa harusi, akamweka mahabusu wiki tatu. Baadaye likapatikana kwa mjomba wa bwana harusi, mtu mwenye heshima zake, aliyekuwa amelichukua kupikia pombe ya miwa akaona aibu kusema. Mhando alijua, akanyamaza kumlinda mjomba. Mpishi akaachiwa kimyakimya bila kusafishwa jina. Akauza vyombo vyake akahama, na hakuonekana tena.

Eliwaza akamwuliza kama anajua kwamba mji utamtambua.

"Andika, Mama Namsifu," Mhando akasema. "Nimelala na neno hili miaka arobaini. Bora nichekwe nikiwa hai."

Eliwaza akasikia yote, akainama, akaandika.

Kitabu kilipokwisha, akatuma sura tatu za mwanzo kwa mchapishaji mmoja wa mji mkubwa. Barua ikarudi. Ilisema hadithi inavutia, na wataitoa kwa masharti mawili. Kwanza afe mtu, na damu ionekane. Pili, yule bibi fundi cherehani aondolewe, nafasi yake ichukuliwe na inspekta kijana, maana wasomaji hawapendi vikongwe.

Eliwaza akajibu siku hiyo hiyo kwa mistari miwili. Kwamba katika mji wake watu huumizana sana bila kumwaga tone la damu. Na kwamba Mama Singa haondoki.

Sasa sikilizeni habari ya Namsifu, na msiwe wepesi kumhukumu.

Namsifu alimpenda mama yake. Lakini kwa miaka miwili alikuwa akicheka pamoja na walimu wenzake ili asilie mbele yao. Walimwuliza yeye yumo katika sura ya ngapi. Mchumba aliyekuwa akimtarajia alinong'onezwa na ndugu zake kwamba nyumba ile ina wazimu, akapunguza miguu, mwishowe akapotea. Namsifu alivumilia akijiambia kuna siku kitabu kitatoka na watu watanyamaza. Alipoisoma ile barua, na kusikia jibu lililokwisha kwenda posta, kitu kikakatika ndani yake. Mlango umefunguliwa, mama ameufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi ile Eliwaza alikuwa kliniki. Namsifu akachukua kaunta buku zote tatu akazitia jikoni, katika mafiga, moja baada ya nyingine. Mama aliporudi akamkuta ameketi kwenye kigoda, hakukimbia wala hakukana.

"Nimekuchomea, Mama," akasema. "Nilitaka upumzike. Nilitaka na mimi nipumzike."

Eliwaza akayatazama majivu. Hakupiga kelele, hakulaani. Akaaga kwamba anakwenda dukani. Akarudi na kaunta buku nne mpya, akazipanga kwenye meza ile ile, akaketi mahali ambapo binti yake hawezi kwenda jikoni bila kumpita, akaandika juu ya ukurasa: Sura ya Kwanza.

Aliandika miezi mitano. Alikuwa na baridi yabisi, na vidole vilivimba mpaka pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno. Zile kurasa alizokuwa akizionea huruma safari ya kwanza hazikumrudia kichwani, akaziacha zipotee. Yule mpishi wa Sajini Mhando, ambaye kwanza alikuwa amepewa kurasa mbili tu, safari hii akakijaza kitabu. Eliwaza alikuwa sasa anajua mtu aliyedhulumiwa na wa karibu anavyoketi na anavyokula.

Mwezi wa tano kalamu ikamwanguka mara tatu katika mstari mmoja. Namsifu aliona. Siku ya pili akaazima mashine ya kuchapa ofisini kwao, akaiweka mezani, akaketi. Mama akasoma, binti akachapa. Kila alasiri baada ya shule, kurasa mia mbili na kumi na mbili, na mpiga chapa wa mahakama akimsahihisha vidole. Walipofika pale mpishi anapouza vyombo vyake ahame mji, Namsifu aliacha kuchapa akafunika uso. Mama alingoja. Kisha akarudia sentensi, nao wakaendelea.

Mchapishaji mdogo wa Moshi akakichukua bila kuongeza damu wala kumgusa Mama Singa. Eliwaza alikuwa na miaka sitini na sita.

Kwa ajili ya uzinduzi aliulizwa anataka ukumbi gani. Akauchagua ule ule wa umoja wa wanawake, alikoambiwa achague. Watu wakajaa, wengine kwa furaha, wengine kutafuta kama wameandikwa. Mchapishaji akatoa nakala ya kwanza, akaeleza kwamba ni desturi mwandishi kumkabidhi mtu mmoja mbele ya watu, yule ambaye bila yeye kitabu kisingekuwapo. Mtu mmoja.

Damari akawa wa kwanza kusimama. Akasema yeye hawezi kukisoma, lakini alikiacha kiti chake humu humu kwa ajili ya kitabu hiki. Wengine walitoa walichokuwa nacho wakabaki na vingine. Yeye alitoa marafiki wa miaka kumi na tisa, na kina mama wale pale mstari wa mbele wamemgeuzia mgongo hata leo.

"Wifi yangu angetoka peke yake siku ile," akasema, "kesho yake angerudi kuomba radhi. Hakurudi kwa sababu hakuwa peke yake."

Sajini Mhando akasimama, kofia mkononi. Akawaambia watu kwamba yule askari ndani ya kitabu ni yeye, wasihangaike kuuliza. Alitoa jina lake jema, kitu pekee ambacho polisi mstaafu anabaki nacho. Bila mpishi yule, kitabu hiki ni habari ya chombo cha jikoni.

Damari akamjibu kwamba aibu ilikuwa yake, ila maumivu yalikuwa ya mpishi, na mtu hawezi kutoa zawadi ya kitu kisicho chake. Mhando akakubali kwamba ni kweli. Lakini akauliza, kama angenyamaza, nani angelijua jina la maumivu yale?

Namsifu akasimama wa mwisho. Ukumbi ukanung'unika, maana habari ya moto ilikuwa imevuja. Yeye akangoja watulie.

"Mimi nilichoma kitabu," akasema. "Sijifichi. Lakini kile nilichokichoma hakikuwa hiki. Hiki kilizaliwa siku ile, na mikono iliyokichapa ni hii hii iliyochoma. Mtanihukumu kwa mkono upi?"

Mtu mmoja nyuma akasema mwenye kuchoma nyumba hasifiwi kwa sababu mwenye nyumba amejenga nzuri zaidi. Mwingine akamjibu kwamba huyu alibeba matofali. Ukumbi ukagawanyika, wanawake kwa wanaume, jamaa kwa jamaa. Hata mchungaji alikuwa na upande wake, akiona haya kuusema.

Eliwaza aliwaacha wabishane. Alikuwa amekishika kitabu kwa mikono yote miwili kwa sababu vidole vilimuuma. Waliponyamaza, akasogea mbele.

"Nimewasikia, na hakuna aliyesema uongo," akasema. "Wifi alinifuata. Sajini alinipa. Namsifu alininyang'anya, kisha akanirudishia. Mnabishana kama vile kitabu kilipita hapa chenyewe na ninyi mkakikamata. Nilikiandika mara mbili. Mara ya kwanza mji mzima ukinicheka, mara ya pili nyumba yangu ikinuka majivu. Mnasema mtu mmoja, ambaye bila yeye kisingekuwapo. Hamkufikiri huenda ni bibi huyu? Au mtu wa umri wangu akifanya jambo, lazima awe amefanyiwa?"

Damari alikuwa anatazama sakafu, Mhando anakunja kofia yake, na Namsifu analia bila kujifuta. Eliwaza akawatazama mmoja mmoja, watu hao watatu ambao hakuwa na wengine duniani, na kitabu bado kilikuwa mikononi mwake.

Kuna wanaosema alimpa mmoja wao. Kuna wanaosema alikikumbatia akaenda nacho nyumbani. Mimi nilikuwapo na niliona alichofanya, lakini sitawatolea hukumu, maana mkishaisikia yake mtaacha kuitafuta yenu.

Basi nambieni. Yule aliyepoteza kiti na marafiki, yule aliyetoa aibu yake, yule aliyechoma kisha akachapa, au yule aliyekataa kunyamaza: je, nani alistahili nakala ya kwanza?