Bi Kindi na Kisanduku Kinachoitika Naam

Hapo zamani za kale, wanangu, na wala si kale sana, maana umeme ulikuwa umekwisha kufika porini, kijiji cha Vichakani kiliingiwa na kisanduku kiitwacho Naam.

Kilikuwa kidogo, cheusi, hakina macho wala mdomo. Ukisema, "Ewe Naam," chenyewe kinaitika, "Naam!" Ukitaka kujua kama mvua itanyesha, kinakujibu. Ukitaka taarabu, kinakuimbia. Ukilala fofofo, kinakuamsha. Aliyekileta ni Fisi mwenye duka, na alikigawa nyumba kwa nyumba bila kudai kitu, huku amekenua meno yote.

"Bure kabisa?" aliuliza Mama Pimbi.

"Jirani, kwani mimi na wewe tuna kuhesabiana?" alijibu Fisi.

Basi wanyama wakakipenda. Mama Pimbi alikiweka jikoni, kimwambie maharage yameiva. Mzee Ngiri, mkuu wa kijiji, alikiweka chumbani kando ya kitanda. Aliyekataa ni Bi Kindi peke yake.

"Kitu kinachoitika kila kikiitwa, basi kinasikiliza hata kisipoitwa," alisema.

"Acha kisikilize," Mzee Ngiri alicheka. "Mimi sina cha kuficha."

Wanangu, mtu akiwaambia hana cha kuficha, mwambieni avue shati.

Haukupita muda, siri zikaanza kutembea. Mama Pimbi alisema jikoni mwake kwamba anakwenda kumwuguza dada yake. Kurudi, viazi vyake vimechimbwa vyote. Kisha Mzee Ngiri alimnong'oneza mkewe kitandani kwamba tumbo limejaa gesi. Asubuhi akiwa barazani na wazee wenzake, Fisi huyo, na chupa mkononi.

"Dawa ya gesi, Mzee! Nasikia jana nyumba haikulalika."

Baraza zima lilicheka mpaka likashika mbavu. Mzee Ngiri aliona aibu, akataka kujua ni nani aliyemwambia.

"Sipendi kutaja majina," alisema Fisi. "Lakini kuna mmoja hapa kijijini, kazi yake kuruka paa hadi paa."

Macho yote yakamgeukia Bi Kindi. Akaumia moyoni. Si kwamba hapendi maneno, anayapenda kama karanga. Ila haya hakuyasikia, hakuyasema.

"Utahama," Mzee Ngiri alinguruma. "Kesho jua likizama, nisikuone Vichakani."

"Mzee wangu, wanangu hawajafumbua hata macho. Nitawabeba niende nao wapi?"

"Ungeufikiria mdomo wako kwanza."

Bi Kindi alirudi kwenye mti wake, akawakumbatia wanawe, akalia. Alipomaliza kulia akaanza kufikiri. Siri ya Pimbi imetoka jikoni. Siri ya Ngiri imetoka chumbani. Mbona yeye, mwenye maneno kuliko wote, siri yake haijatoka hata moja? Akaangalia huku, akaangalia huku. Kwake hakuna Naam.

Alfajiri alikuwa mlangoni kwa mkuu wa kijiji. "Hodi!"

Mzee Ngiri alitoka amenuna. Bi Kindi alimwomba wakazungumzie uani, mbali na nyumba.

"Mzee, nipe asubuhi hii tu. Nifungie ndani kwako, Mama Ngiri na Mama Pimbi wanilinde nisitoke. Nikishindwa, nitahama kabla hata ya mchana."

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe ulale, ujifunike shuka, usiseme neno."

Sasa, Vichakani walikuwa na desturi yao. Mtu akifa, habari haitoki nje ya nyumba mpaka mbiu ipigwe, na pembe ya mbiu aliiweka Mama Ngiri mwenyewe. Anayekuja kuhani kabla ya mbiu, ana la kujibu.

Wakaingia chumbani. Mzee Ngiri akajilaza, shuka gubigubi. Mlango ukafungwa. Bi Kindi akasogelea kisanduku, akavuta kamasi.

"Ewe Naam."

"Naam!"

"Mzee Ngiri ametutoka asubuhi hii. Maiti hukatiwa sanda ya pima ngapi?"

Naam akaeleza vizuri tu, kwa sauti tamu. Bi Kindi akaketi, mikono mapajani. Wakangoja. Shuka likatoa sauti ndogo: prrr. Mama Pimbi akaziba pua.

Mara, puta puta puta, vishindo uani.

"Hodi wenyewe! Poleni, poleni sana!" Fisi aliingia, kwapa moja sanda, kwapa la pili ubani, na kifurushi cha sukari ya chai ya msiba amekishika mkononi. Akakitua, akapiga magoti kando ya kitanda. "Uuuwi, Ngiri ndugu yangu, umeniachia nani!"

"Umejuaje?" aliuliza Mama Pimbi.

"Si nimesikia mbiu? Nimefunga duka, nikaja mbio."

Mama Ngiri aliinyanyua ile pembe. "Hii hapa. Haijaguswa."

Fisi alikohoa. Angetoka hapo hapo angenusurika, lakini tamaa ilikuwa imekwisha kumshika koo.

"Tusibishane mbele ya maiti, shemeji. Jambo kubwa ni wasia. Marehemu aliniambia kwa mdomo wake, lile shamba la mihogo la mtoni ni langu."

"Alikuambia lini?" aliuliza Bi Kindi, mpole kabisa.

"Juzi. Alinishika mkono, akalia."

Shuka likainuka. "Nililia?" alisema marehemu.

Fisi hakutafuta mlango. Dirisha lilikuwa karibu zaidi, akapita nalo, fremu shingoni, akakata mbuga. Duka lile mpaka leo halijafunguliwa.

Mzee Ngiri alikigeukia kisanduku, amefura. "Ewe Naam! Nani alikutuma kwangu?"

"Naam! Samahani, sijaelewa swali lako."

Mzee Ngiri akakikalia. Kacha! Vijiji vya jirani vilisikia.

Kisha akamtazama Bi Kindi, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bure."

"Nimekusamehe, Mzee," alisema Bi Kindi. "Ila mbele ya baraza ulinifukuza, na mbele ya baraza utanirudisha."

Na Mzee Ngiri alikwenda, jua likiwa bado juu, akasema barazani mbele ya wote kwamba mdomo uliotoa siri zake ulikuwa wake mwenyewe.

Nami ninawaachia hili, wanangu: usimtafute mmbea kwa jirani kabla hujatazama ni nani umemkaribisha chumbani.